Ujumbe Huu Umefutwa na Marehemu

Mume wangu alifariki wiki ileile magari ya kampeni yalipoanza kupita Rudewa. Tulimzika adhuhuri, na alasiri spika zikapita barabarani zikiomba kura. Simu yake aliiacha kwenye chaji, juu ya kabati. Watu walipotawanyika, mimi nilibaki ndani na eda yangu, na ile simu ikabaki inalia peke yake.

Ililia kwa sababu ya kundi. Mume wangu alikuwa katibu wa kundi letu la kuzikana. Babu yake aliletwa huku kukata mkonge, yeye na wenzake walioitwa manamba, watu wa makabila mbalimbali waliokuja bila ndugu. Mmoja akifa hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumsimamia, basi wakaamua kuzikana wenyewe kwa wenyewe. Mkonge uliisha, kuzikana hakukuisha. Makaburi yako pembeni mwa shamba la zamani, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule, na katikati pameachwa nafasi ya kupitisha jeneza. Mume wangu ndiye aliyeyahamishia mambo hayo kwenye wasap, ili mtu akifa asubuhi, saa nne wachimbaji wawe wameshajulikana. Ndiye pia aliyewaingiza wafugaji kundini, walipohamia na ng'ombe wao mbuga ya chini. Baadhi ya watu walinung'unika. Yeye alisema tu kwamba na wao wanakufa.

Mimi nimeishia darasa la saba. Simu yangu ni kitochi. Ile ya kwake ya kupangusa nilikuwa naijua kwa kuifuta vumbi.

Siku ya tano, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu aliyekuja kukaa nami, alichoka.

"Wifi, izime hiyo. Mpita njia atadhani humu kuna harusi."

Nikainuka niizime. Badala ya kuizima nikaisoma.

Kundi la msiba lilikuwa limegeuka uwanja wa kampeni. Tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa kijiji. Wagombea walikuwa wawili: mkulima mmoja wa kwetu, na mwingine ambaye wafugaji walikuwa nyuma yake. Ugomvi wao ulikuwa juu ya njia ya kunyweshea, ile inayotoka mbugani kwenda mtoni ikipita kando kabisa ya makaburi. Wakulima walitaka isogezwe mbali. Wafugaji walisema ikisogezwa, ng'ombe watafika mtoni wamekwisha. Hayo ni mambo ya kuzungumzwa, na mkutanoni huenda yalizungumzwa. Kundini hakuna aliyeyazungumza. Kundini kila mtu alikuwa anatabiri.

"Wale wakishinda, makaburi yote ni malisho. Kumbukeni nimesema."

"Wale wa majembe wakishinda, kesho yake njia ya maji inafungwa. Wanataka ng'ombe wafe, na sisi tufe."

"Wale hawatakuja kuzika tena. Wanangoja matokeo tu."

Hilo la makaburi nililisoma mara tatu. Udongo wa mume wangu ulikuwa bado mwekundu, bado haujashuka. Niliziona kwato juu yake kama vile nimesimama pale.

Nililiamini, na lazima niseme kwa nini. Miaka mitatu nyuma ng'ombe waliingia shambani kwetu wakala mahindi yaliyokuwa yanaanza kubeba. Walikuwa wa mzee wa maziwa. Tunamwita hivyo kwa sababu wake zake ndio wanaotuletea maziwa asubuhi. Alikuja mwenyewe, fimbo yake kwapani, akasimama uani akaomba radhi. Mume wangu alimpa kiti. Mimi niliingia jikoni na sikutoka mpaka alipoondoka. Tangu siku hiyo nilikuwa nanunua maziwa kwa mtu mwingine, tena anayeyatia maji.

Nikampigia binti yangu. Yeye ni mama lishe Mikumi, anawauzia chakula madereva wa malori pale barabara kuu, na mambo ya simu anayajua.

"Mama, bonyeza jina la kundi, ushuke chini. Nani ameandikwa admini?"

"Baba yako."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. "Basi mama, baba wa humo sasa ni wewe. Usipofanya kitu, hakuna mwingine anayeweza."

"Walishindwa nini kumweka wa pili?"

"Baba alikuwa anaumwa, mama. Ungekuwa wewe, ungeenda kumwambia mgonjwa akugawie uadmini? Si utaonekana unamhesabia siku?"

Ndivyo tulivyo. Kundi zima la kuzikana, watu wanaojua sanda inakatwa mikono mingapi, halafu hakuna aliyethubutu kumwambia katibu kwamba na yeye siku moja atazikwa. Na alipokwisha kuzikwa, nani angemtoa marehemu kwenye kundi la kuzikana? Wakamwacha.

Binti yangu alinielekeza namna ya kufuta ujumbe wa mtu. Nikafuta ule wa "wale wa majembe". Mahali pake pakatokea maneno kwamba ujumbe huu umefutwa, na kwenye simu za wengine aliyeufuta aliandikwa kwa jina la mume wangu.

Nikaenda kuosha vyombo. Kisha fundi baiskeli akaandika.

"Jamani. Ninyi mnaona ninachokiona mimi?"

Mmoja akaweka inna lillahi. Mwingine, sijui alifikiri nini, akaandika, "Shikamoo mzee."

Fundi baiskeli alikuwa mtani wa mume wangu, makabila yao ni watani tangu zamani. Siku ya maziko alilala mlangoni akazuia jeneza lisitoke, akidai marehemu hajamrudishia pampu. Watu walicheka katikati ya vilio, kama watani wanavyotakiwa kufanya. Sasa akaandika tena:

"Marehemu, kama ni wewe kweli, pampu yangu iko wapi?"

Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Ni mimi mjane. Hili ni kundi la msiba. Mambo ya wale na wale yapelekeni kwingine."

"Mtani, umetuua," akajibu fundi. "Mimi nilikuwa naanza kutubu."

Walitulia siku moja, wakarudia. Nikaendelea kufuta. Nilikuwa nikikaa dirishani baada ya swala ya adhuhuri, napangusa na kufuta, na nilijiona nafanya kazi ya mume wangu. Wifi alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho.

"Mtu wa eda anajibizana na wanaume kwenye simu."

"Sijibizani. Nafuta."

"Hata kufuta ni kujibu, wifi."

Wiki haikuisha ikaja sauti ya mzee wa maziwa. Haandiki, yeye hutuma sauti, na nyuma yake husikika njuga za ng'ombe. Alisema taratibu, bila hasira.

"Shemeji, pole tena na msiba. Mimi sijui kusoma, mke wangu mdogo ndiye hunisomea. Ananiambia za kwetu zimefutwa karibu zote, na za upande wa pili hakuna hata moja. Nikamwambia, soma vizuri. Akasoma tena. Sasa nauliza, shemeji. Marehemu nilimjua hana upande. Ameupatia kaburini?"

Niliiweka simu chini juu ya mkeka. Nikaichukua, nikapandisha juu, nikahesabu. Ilikuwa kweli. Ule utabiri wa makaburi kuwa malisho ulikuwa bado upo, na chini yake watu wameweka vidole gumba. Sikuuacha kwa kusahau. Niliuacha kwa sababu kwangu haukuwa utabiri, ulikuwa habari.

Nilikaa nao mpaka alasiri. Kisha nikaandika, mbele ya watu wote: "Shemeji, ni kweli. Nilifuta za kwenu nikaacha za kwetu, kwa sababu za kwetu niliziamini. Nimekosa."

Halafu fundi: "Sasa nimehakikisha huyu si marehemu. Marehemu alikuwa hakubali kosa."

Nikamsomea wifi. Akacheka mpaka akashika tumbo, mara ya kwanza tangu tumzike ndugu yake, kisha akalia, kisha akaniambia, "Endelea basi. Lakini kama unaendelea, endelea sawasawa."

Nilichukua daftari la marehemu. Ni la kurasa nyingi, jalada gumu, na ndani yake ameandika kila maziko tangu awe katibu: nani alichimba, nani alichota maji ya kuosha, nani alishona sanda au kugonga jeneza, nani alipeleka habari Kidete au Kilosa mjini. Nyuma kulikuwa na kurasa tupu. Nilikaa nazo nikifikiria hali yangu. Mimi nilikuwa ndani. Mikutano sikuwa naisikia ila spika kwa mbali. Mtu akiniambia jambo la nje, sikuwa na njia ya kujua ila kumuuliza: umeliona, au umelidhani? Na nilipofikiria sana, niliona kwamba wale walioko nje nao hawakuwa wanaulizana hilo.

Nikaandika kundini: "Kuanzia leo sifuti tena. Mtu akisema mwenzake atafanya jambo, nitamuuliza ameona au amedhani. Akisema ameona, aeleze alichoona. Akisema amedhani, aseme na siku ambayo tutajua. Nitaandika kwenye daftari la marehemu, utabiri na mwenye utabiri, na siku ya arobaini vitasomwa vyote uani kwangu."

Uchaguzi ulikuwa siku chache tu kabla ya arobaini.

"Kwenye daftari la msiba?" mmoja akauliza.

"Ndilo nililo nalo."

Wengi walikuwa na utabiri mpaka walipoulizwa siku. Mmoja alijibu, "Nimedhani, lakini nimedhani kweli." Mwingine akasema atarudi na jibu, mpaka leo hajarudi. Fundi baiskeli hakurudi nyuma.

"Andika, mtani. Wale wakishinda wataingiza ng'ombe makaburini."

"Wale ndio nani?"

"Si unawajua."

"Niko ndani, simwoni mtu. Nitajie kama unavyomwita akija kuzika."

Ile alama ya kwamba mtu anaandika ilitokea, ikapotea, ikatokea tena. "Mzee wa maziwa na wanawe."

"Mzee wa maziwa ataingiza ng'ombe makaburini. Siku gani?"

"Matokeo yakitoka tu. Wiki hiyohiyo."

"Umeona au umedhani?"

Hapo alichelewa sana. Nadhani alikuwa na gurudumu la mtu mkononi.

"Nimedhani, mtani."

"Nimeandika."

Ikaja sauti na njuga zake. "Shemeji, na mimi uniandike. Fundi baiskeli na wenzake wakishinda, watafunga njia ya maji asubuhi yake. Nimedhani."

"Mzee wa maziwa!" fundi akaandika. "Mimi niifunge kwa nini, kwa tairi?"

"Wewe unaziba pancha, mwanangu. Hushindwi na njia."

Watu wakacheka pande zote mbili. Haikuwa mapatano, lakini neno "wale" lilianza kupungua bila mimi kulikataza. Ni vigumu kumwandikia ubaya mtu baada ya kumtaja kwa jina ambalo umezoea kumwamkia.

Na mimi nilikuwa na langu. Sikulituma kundini. Niliandika ukurasa wa mwisho, kwa kalamu, jina langu pembeni: *Mzee wa maziwa hatakuja arobaini.* Nilimwona tayari, amekaa kwake amenuna, mgombea wake ameshindwa, anasema wakulima wazikane wenyewe. Kama ni kweli, kundi lingekatika vipande viwili siku hiyohiyo, kwenye msiba wa mtu aliyeliunga. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko kwato. Nilijua likikatika uani kwangu halitaungwa tena, na kila maiti atakayefuata atabebwa na nusu ya watu.

Siku ya kura sikutoka. Niliambiwa ningeweza kutoka mara moja nikarudi, lakini sikutaka. Nilimpigia kura mkulima moyoni, na moyoni haihesabiwi. Jioni pikipiki zikapita zikipiga honi, nikajua mkulima ameshinda kabla sijafungua simu.

Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, ikaja sauti ya mzee wa maziwa. Safari hii ng'ombe walikuwa wanalia nyuma yake, wengi.

"Shemeji, imefungwa. Hili sidhani. Nimesimama hapa. Nimeona."

Kundi likawaka moto. Anatafuta huruma. Ameshindwa sasa anaanza maneno. Muongo. Mimi mwenyewe kidole changu kilikuwa kinataka kuandika kwamba haiwezekani, kwa sababu walioshinda walikuwa wa kwetu na wa kwetu nawajua. Lakini kuwajua ndiko kulikonikosesha mara ya kwanza.

Nikamwandikia fundi: "Mtani, wewe uko karibu na njia. Nenda ukaone."

"Mtani, nina kazi."

"Uliandikwa kwenye daftari. Nenda ukaone."

Nilisimama dirishani nikiwasikia ng'ombe kwa masikio yangu, upepo ukigeuka nawasikia, ukirudi siwasikii. Wifi alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe. Hakuna aliyekunywa.

Ikaja picha. Milingoti ya mkonge, ile mirefu mikavu, imelazwa imefungamana njia nzima, na matawi ya miiba yamesokomezwa kati yake. Chini yake fundi ameandika: "Nimeona. Imefungwa. Ni vijana wa kwetu, na wawili wao nawajua kwao." Kisha, baada ya kitambo: "Sikujua, naapa."

Wale waliosema muongo walikuwa kimya kama hawamo.

Nikaandika: "Utabiri wa mzee wa maziwa umetimia. Nimeweka alama kwenye daftari."

Hilo tu. Sikumwambia fundi afanye nini. Kusema kweli sikujua la kumwambia.

Saa nne ikaja picha nyingine. Milingoti imerundikwa pembeni, panga liko juu yake, na baiskeli ya fundi imelala chali. "Tumekuja wanne, tumeondoa. Vijana tumewaambia baba zao. Mzee wa maziwa, leta ng'ombe."

Mzee wa maziwa alituma sauti. Hakuna alichosema ndani yake. Ilikuwa ni njuga, na maji, na midomo ya ng'ombe wakinywa. Dakika nzima. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikampa wifi, naye akaisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya arobaini uani palijaa mapema. Jirani zangu wa Kikristo ndio walioosha mchele, binti yangu alikuja kutoka Mikumi na masufuria yake makubwa ya biashara, shehe akaketi na watu wake kwenye mikeka. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, pazia limeshushwa. Kila mtu aliyebisha hodi nilimsikiliza sauti. Fundi alikuja. Waliosema muongo walikuja. Mke mdogo wa mzee wa maziwa alipita mlango wa nyuma na madumu ya maziwa, akayaweka, akaondoka bila kukaa.

Mzee hakuja. Wanawe hawakuja.

Dua ikaanza, ikaisha, hawakuja. Nilikuwa na daftari mapajani, na nitasema lililonipata kama lilivyokuwa: nilifurahi kidogo. Kundi lilikuwa linakatika na mimi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimelisema. Niliona aibu hapohapo, lakini furaha ilitangulia aibu.

Fundi akaja mpaka kwenye pazia.

"Mtani, kusoma daftari kungoje kwanza. Mzee wa maziwa yuko makaburini."

"Na ng'ombe?"

"Na miiba."

"Miiba ya nini?"

Akapitisha simu yake chini ya pazia. Kwenye picha kulikuwa na vijana wa mzee wa maziwa, wengi, mashuka yamefungwa kiunoni, wanasimika boma. Ninyi mnaoishi na wafugaji mnalijua boma la ndama: matawi ya miiba yanapangwa mashina ndani na ncha nje, yanashindiliwa kwa uma wa mti mpaka hata mbwa hapiti. Hawalijengi ila kwa kitu wasichotaka kiguswe. Walikuwa wamelizungusha makaburini, pande zote mbili, wa Waislamu na wa Wakristo, wameacha mlango upana wa jeneza. Njia ya ng'ombe ilikuwa nje, imenyooka mpaka mtoni. Kwenye kona ya picha nililiona kaburi la mume wangu. Udongo ulikuwa umeanza kushuka. Hapakuwa na ukwato.

"Wako huko tangu alfajiri," fundi akasema. "Kumbe walimaliza kukata miiba jana. Vijana wetu nao sasa wameenda kusaidia, hata wale wawili. Mmoja ameshachomwa, analia kama mtoto."

Nilipeleka simu kwa wifi. Aliitazama, akaileta karibu na macho, kisha akapiga kigelegele. Kigelegele kirefu, chumbani kwa mtu wa eda, siku ya arobaini ya ndugu yake. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Huko uani mwanamke mmoja wa jikoni akakipokea, na mwingine, na binti yangu.

Mzee alifika wakati pilau inapakuliwa, mikono imechubuka. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Hodi, shemeji."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimechelewa. Miiba haitaki haraka."

Nilitaka kusema mengi. Miaka mitatu ya mahindi ilikuwa kooni. Nikasema, "Karibu kiti, mzee," na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mara ya kwanza kiti alimpa mume wangu, si mimi.

Daftari nililitoa kwa fundi asome kwa sauti. Nilimwambia aanze na ukurasa wa mwisho.

"Mtani, huku mwisho kuna jina lako."

"Ndiyo. Anza na hilo."

Akasoma: "Mjane amedhani kwamba mzee wa maziwa hatakuja arobaini."

Nilisikia watu wakigeuka. Kisha sauti ya mzee, taratibu:

"Basi shemeji, huyu anayekula pilau yako ni nani?"

Uani palilipuka. Walicheka mpaka shehe akaomba maji. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na aibu ya kusomewa lake. Fundi alijisomea la kwake la ng'ombe makaburini kwa sauti ya kutangaza maiti, akainama mbele ya mzee kama anayengoja bakora. Mmoja alikuwa amedhani walioshindwa wataacha kusalimia. Mwingine, washindi wataacha kununua maziwa. Mwingine, hakuna mfugaji atakayechimba kaburi tena. Kurasa mbili nzima, na yaliyotimia yalikuwa mawili tu: la njia kufungwa, lililotimia kwa asubuhi moja, na la mtu aliyesema washindi watapiga honi mpaka mafuta yawaishie. Huyo alisimama akapigiwa makofi.

Siku hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake alimpigia nani kura. Mgombea aliyeshinda alikuja, aliyeshindwa alikuja, wakala sinia moja. Mwenyekiti mpya alisema njia ya maji itabaki ilipo maadamu boma lipo, na mzee akasema boma litakuwepo maadamu miiba ipo. Lakini mimi nilijua kilichoshinda ni kundi la manamba, ambalo mume wangu aliniachia bila kuniambia, na halikukatika mikononi mwangu.

Kabla watu hawajaondoka, binti yangu alinionyesha namna ya kuongeza admini. Nikamweka fundi baiskeli, na mke mdogo wa mzee wa maziwa, yule anayesoma mara mbili. Wifi akauliza kama sasa tumtoe marehemu. Nikamwambia abaki.

Eda yangu iliisha wakati mahindi mapya yanapukuchuliwa. Nilioga, nikavaa kanga mpya, nikachukua dumu tupu, nikamwambia wifi natoka. Hakuniuliza wapi. Nilitembea nikipita mkonge wa zamani uliobaki mmoja mmoja, jua la asubuhi mgongoni, miguu ikiona ardhi ngeni baada ya miezi minne ya sakafu. Boma lilikuwa limekauka, limekuwa la kijivu, na ndege wadogo walikuwa wamejenga ndani yake. Sikuingia. Nilisimama nje ya miiba, nikamwona mume wangu alipolala, udongo umeshuka sawasawa, majani yameanza. Nikamsomea dua. Nikamweleza mambo machache, mengine alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye simu, kwa jina lake.

Kisha nikaitoa ile simu kwenye pindo la kanga, nikaandika kundini neno moja: "Nimeona."

Fundi akajibu papo hapo. "Marehemu amerudi. Muulizeni pampu."

Nikarudi nyumbani kwa njia ya ng'ombe, nikapitia kwa mzee wa maziwa na dumu langu.